Je, Watoto Wepesi wa Kujifunza Watengwe na Wenzao?

Katika mazoezi ya kufundisha ya mwaka juzi nilikwenda kumkagua mwanachuo mmoja katika shule ya msingi iliyo karibu na maingilio ya Mto Ruvuma, mahali ambapo mikoko huanzia nyuma tu ya bustani ya shule. Somo lilikuwa Hisabati, darasa la tano, kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Mwanachuo aliandika maswali 10 ubaoni. Kabla hajamaliza kuliandika la mwisho, binti mmoja aliyeketi benchi la tatu alikuwa amekwisha kujibu 9. Akalitazama la 10, akaandika jibu, akafunga daftari. Muda uliobakia aliutumia hivi: alitumwa chaki ofisini, akafuta ubao, akaagizwa kuandika majina ya wapiga kelele, na mwishowe akalaza kichwa juu ya dawati.

Tulipotoka nje mwanachuo aliniuliza, "Mkufunzi, mtoto kama huyu nimfanyeje?" Nilimpa jibu tunalolitoa siku zote vyuoni, kwamba azidishiwe maswali. Jibu hilo halikumridhisha, nami pia halikuniridhisha, kwa sababu mtoto aliyekwisha kuelewa sehemu hafaidiki kwa kupewa sehemu nyingine 20 za namna ile ile. Hiyo ni adhabu ya kuwahi kumaliza.

Mwalimu mkuu alikuwa na shauri lake. Alikusudia kuligawa darasa lile katika mikondo miwili kwa kufuata alama za muhula. Mkondo A ungepewa walimu hodari na kuwekwa kambini jioni, ili shule ipate hata mtoto mmoja wa kwenda katika shule za sekondari za vipaji maalumu. Binti yule angekuwa wa kwanza katika orodha. Bibi yake, ambaye ndiye mlezi wake, aliitwa shuleni kupewa habari hiyo njema. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa walimu wangu, huyu mmoja mnamchukua. Na hawa wanaobaki mnamwachia nani?"

Makala haya yanakusudia kulichambua swali hilo la bibi pamoja na lile la mwanachuo, kwani mwalimu wa darasani hana budi kuyajibu yote mawili kwa pamoja. Anayejibu moja na kuliacha la pili hajatatua kitu.

Desturi ya kuteua wachache

Kuwateua watoto wachache na kuwasomesha mbali na wenzao si jambo geni nchini. Shule ya Tabora ilianzishwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1920 kwa ajili ya wana wa watemi na machifu, ili watawala wapate wasaidizi wanaojua kusoma na kuandika. Kipimo hapo kilikuwa ukoo. Baadaye kipimo kikawa mtihani, lakini umbo la jambo lilibaki lile lile: wengi hujaribu, wachache huvuka. Huku kusini mtoto hodari alilazimika kuhama kwao kabisa. Marehemu Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938, alipitia Ndanda, Kigonsera na Pugu kabla ya kufika Makerere. Kila hatua ilimtoa mbali zaidi na kijiji chake.

Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mwana wa chifu aliyesoma Tabora. Yamkini ndiyo maana alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967 aliukosoa kwa ukali ule mfumo uliofanya shule ya msingi kuwa ngazi tu ya kuwapandisha wachache sekondari, na kuwafanya waliobaki wajione wameshindwa maisha. Likafuata Azimio la Musoma la mwaka 1974, na mwaka 1977 elimu ya msingi kwa wote ikaanza. Katika miaka hiyo ya 1970 nafasi za kidato cha kwanza ziligawiwa mikoa ili mikoa iliyokuwa na shule chache, kama yetu, isiachwe nyuma na ile iliyotangulia kupata misheni na kahawa. Baadhi ya watu waliuona mgawo huo kuwa dhuluma kwa watoto wenye alama za juu zaidi kwingineko. Mimi nadhani ulikuwa na busara, ingawa nakiri kwamba anayesema ni mtu wa Mtwara.

Leo shule saba za sekondari za serikali ndizo zinazojulikana kwa kupokea wanafunzi wenye ufaulu wa juu kabisa: Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora Wavulana, Tabora Wasichana, Kilakala na Msalato. Hakuna hata moja iliyo katika mikoa ya kusini mwa Rufiji. Mtoto wa Msimbati akichaguliwa kwenda Ilboru husafiri zaidi ya kilomita 1,000. Sina ugomvi na shule hizo. Zimewatoa watoto wa wakulima na wavuvi wengi na kuwafikisha mahali ambapo baba zao wasingeweza kuwafikisha. Ninachokitilia shaka ni kivuli chake katika shule za msingi, yaani mazoea ya kuwagawa watoto wa miaka 10 au 11 kuwa "vipanga" na "vilaza" kwa matumaini ya kumpata mmoja atakayelipa shule jina. Mazoea hayo yamezidi kushawishi tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 na madarasa yakafurika, kwa maana mwalimu mwenye watoto 90 hutamani sana kupunguziwa mzigo kwa njia yoyote ile.

Jinsi nilivyoligawa darasa langu

Nalisema hili kwa kuwa na mimi nililitenda. Katika mwaka wangu wa pili wa kazi nilikabidhiwa darasa la sita lenye watoto zaidi ya 90. Kwa idhini ya wakubwa wangu nililigawa mara mbili kwa alama za mtihani wa muhula. Mkondo A niliuchukua mwenyewe, na vitabu vizima nikauhamishia huko. Mkondo B ulipewa mwalimu aliyekuwa na vipindi vichache, naye alikuwa na vipindi vichache kwa sababu kila mtu alijua hapendi kufundisha. Vitabu vyake vilikuwa vile visivyo na majalada.

Mkondo A ulifanya vizuri, na nilipongezwa. Katika mkondo B mahudhurio yalianza kupungua ndani ya mwezi mmoja. Nilisema ni uvivu, kisha nikasema ni msimu wa korosho, kisha nikasema ni jando. Sikusema ni mimi.

Mmoja katika waliotoweka alikuwa mvulana wa jamaa ya wavuvi. Alama zake zilikuwa za chini katika mtihani ule wa kugawia. Muda mrefu baadaye ndipo nilipofungua tena daftari la mahudhurio na kuilinganisha tarehe ya mtihani na mwezi. Ilikuwa wiki ya bamvua. Wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa, lakini kwa wenzetu wa bara niseme kwamba mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu maji hupwa sana, na katika pwani yetu kupwa huko kwa bamvua huangukia mnamo saa nne za asubuhi. Huo ndio wakati wa akina mama na watoto kwenda miambani kuokota pweza na kombe. Saa nne ndiyo saa ya mapumziko shuleni. Mvulana yule alifanya mitihani ya saa mbili akapata alama nzuri. Ile iliyoanza baada ya mapumziko hakuifanya kabisa, nikamwekea sifuri. Kwa hiyo nilimpeleka mkondo B kwa kosa la mwezi.

Nilikutana naye tena Kilambo, kwenye kivuko cha Msumbiji, mtu mzima mwenye ndevu. "Shikamoo mwalimu," akasema, akanichukulia mkoba. Kazi yake ilikuwa kubadilisha fedha. Alikuwa akigeuza shilingi kuwa meticali na meticali kuwa shilingi kichwani, kwa bei ya asubuhi ile, akitoa faida yake humo humo, huku akizungumza nami habari za nyumbani. Nilimjibu, "Marahaba, kijana wangu," na maneno mengine yakanipotea.

Yaliyopimwa Kenya

Hadithi ya mtu mmoja haitoshi kuwa msingi wa kanuni ya ufundishaji, kwa hiyo tutazame yaliyochunguzwa kwa utaratibu. Kuanzia mwaka 2005 watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifanya jaribio katika shule za msingi 121 za magharibi mwa Kenya. Kila shule ilipata mwalimu wa ziada wa mkataba, na darasa la kwanza likagawanywa mara mbili. Katika karibu nusu ya shule watoto waligawanywa kwa alama, wa juu upande mmoja na wa chini upande mwingine. Katika shule nyingine waligawanywa kwa kura. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yaliwashangaza wengi, na mimi nilikuwa mmojawapo. Katika shule zilizogawa kwa alama watoto wa pande zote mbili, wa juu na wa chini, walijifunza zaidi kuliko wenzao wa shule za kura.

Mtetezi wa mikondo hufurahi akisikia habari hiyo na kufunga mjadala. Asifanye haraka. Maelezo ya watafiti ni kwamba mwalimu mwenye darasa lililochanganyika aghalabu hufundisha kwa kuwafuata watoto wa juu. Wa chini hukaa tu. Alipopewa kundi la wa chini peke yao, ilimlazimu ashuke mpaka pale walipo. Kilichowasaidia, basi, ni somo lililolingana na hatua yao. Tena katika jaribio lile kundi la chini halikuachiwa mabaki: mwalimu gani afundishe kundi gani liliamuliwa kwa kura. Mimi niliwapa mkondo B mwalimu asiyetaka kufundisha na vitabu visivyo na majalada, kisha nikashangaa. Ni dhahiri kwamba nilichokifanya mimi na kilichofanywa Kenya vina jina moja tu, kugawa. Kwa mambo yaliyotendeka ndani ya vyumba havifanani.

Utafiti wa pili wa Kenya unahusu shule za sekondari za kitaifa, ambazo kwa heshima ni kama zile saba zetu. Adrienne Lucas na Isaac Mbiti waliwafuatilia watahiniwa wa darasa la nane waliovuka kidogo tu mstari wa kuchaguliwa na wale waliokosa kwa alama chache. Watoto hawa walikuwa sawa kwa uwezo. Bahati ndiyo iliyowatenganisha. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2014, kuingia shule ya kitaifa hakukuonekana kuwaongezea alama za mtihani wa kidato cha nne hao waliovuka kidogo. Sehemu kubwa ya sifa ya shule hizo inatokana na watoto wanaoingia. Jambo hilo halisemi kwamba mtoto wa ajabu kabisa, aliye juu sana ya mstari, hafaidiki. Utafiti haukumhusu yeye. Lakini linatosha kumtuliza mzazi anayedhani kwamba mwanawe aliyekosa kwa alama mbili amekosa dunia.

Ni akili ipi tunayoiteua?

Ugumu mkubwa zaidi uko katika kumtambua huyo mwenye kipaji. Mwaka 2002 Robert Sternberg na wenzake, wakiwemo Watanzania, walichapisha uchunguzi walioufanya kwa watoto wa shule karibu na Bagamoyo. Watoto walipewa majaribio ya kufikiri, kisha wakafundishwa kwa muda usiofika saa moja namna ya kuyakabili, kisha wakajaribiwa tena. Alama zilipanda, na zaidi ya hayo mpangilio wa watoto ulibadilika: aliyekuwa mbele mara ya kwanza si lazima awe mbele mara ya pili. Jaribio la kwanza lilionyesha nani amekwisha kuzoea mambo ya namna ile. La pili lilionyesha nani hujifunza upesi akipewa nafasi. Mitihani yetu ya muhula ni ya aina ya kwanza, nasi huisoma kana kwamba ni ya pili.

Sternberg huyo huyo na wenziwe walifanya uchunguzi mwingine katika kijiji cha Usenge, Kenya. Waliwapima watoto ujuzi wao wa dawa za miti shamba za kutibu maradhi ya kawaida, na wakaulinganisha na alama zao za msamiati wa darasani. Watoto waliojua zaidi dawa ndio waliokuwa na alama za chini zaidi za shule. Mtoto ana saa 24 tu katika siku, na jamaa fulani humwelekeza huku, nyingine kule. Tuangalie maingilio yetu ya Ruvuma: mtoto anayeweza kusema leo maji yatapwa lini, mkondo wa mto utasukuma mtumbwi upande gani, na kaskazi itaanza kuvuma wiki ipi, amekwisha kujifunza mengi yanayohitaji kumbukumbu na hesabu. Mtihani haumwulizi hata moja.

Na hata vipimo vilivyotengenezwa kwa gharama kubwa hukosea. Mwaka 1921 Lewis Terman wa Marekani alianza kuwatafuta watoto wenye akili nyingi kupita wote huko California, akawaandikisha wapatao 1,500 na kuwafuatilia maisha yao yote. William Shockley na Luis Alvarez walipimwa na hawakufikia kiwango. Wote wawili walipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia, mmoja mwaka 1956 na mwingine 1968. Waingereza nao, baada ya sheria yao ya elimu ya 1944, waliwagawa watoto kwa mtihani wa umri wa miaka 11. Mwaka 1965 serikali yao ikaanza kuzitaka halmashauri ziuache utaratibu huo.

Yanayowezekana darasani

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mtoto mwepesi wa kujifunza ana haki ya kupewa kazi inayomtoa jasho, na kumlaza juu ya dawati ni kumnyima haki hiyo. Lakini kumtenga siku nzima, kwa masomo yote, kwa mtihani mmoja, katika umri wa miaka 11, ni dawa kubwa kuliko ugonjwa. Vikundi viwepo, ila viwe vya somo moja na vya saa moja kwa siku. Anayeongoza Hisabati huenda akawa nyuma katika kusoma. Vipangwe upya kila baada ya wiki sita hivi, na mtoto apimwe baada ya kufundishwa jambo jipya. Na mwalimu hodari akae na kundi la chini angalau nusu ya siku za wiki. Shule itakayoona sharti hili la mwisho ni gumu mno ijiulize inagawa kwa faida ya nani.

Katika saa zilizobaki, darasa likiwa moja, kazi yetu ni kutafuta swali lenye kina, yaani swali ambalo kila mtoto anaweza kuliingia na hakuna anayelimaliza upesi. Nilikaa na mwanachuo wangu jioni ile tukalitunga moja: "Leo maji yamepwa saa 4:10 asubuhi. Ikiwa kila siku huchelewa dakika 50, kesho yatapwa saa ngapi?" Jibu ni saa 5:00, na karibu kila mtoto hulipata. Baada ya siku tatu je? Saa 6:40 mchana. Hapa baadhi hukwama katika kugeuza dakika 150 kuwa saa. Kisha: "Kwa kuwa maji hupwa mara mbili, na kati ya kupwa na kupwa ni saa 12 na dakika 25, ni baada ya siku ngapi yatapwa tena saa 4:10 asubuhi au karibu yake?" Dakika 745 zikigawanywa kwa 50 huleta 14.9, yaani kama siku 15, ambao ndio muda wa kutoka bamvua hadi bamvua. Na kwa atakayefika huko: kwa nini jibu halikutoka kamili?

Mwanachuo alilifundisha somo hilo Jumatatu iliyofuata. Mwalimu mkuu, ambaye ni mtu msikivu, alikubali kuiahirisha mikondo kwa muhula mmoja.

Binti yule alifika kwenye 14.9 na kwa mara ya kwanza hakufunga daftari. Alikwenda nalo nyumbani. Kesho yake alisimama na kumwambia mwanachuo kwamba bibi yake ameikataa hesabu: maji hayachelewi sawasawa kila siku, wakati wa bamvua huchelewa kidogo, wakati wa maji mafu huchelewa mno. Mwanachuo hakujua la kusema. Akanipigia simu, nami sikujua. Ikabidi nitafute vitabu, nikakuta bibi amesema kweli, na kwamba dakika 50 ni wastani tu.

Palipotakiwa ushahidi, aliyeutoa alikuwa mvulana wa benchi la nyuma, ambaye kusoma kwake Kiswahili kulikuwa bado kwa kuunga silabi. Baba yake ana ngalawa. Alijitolea kutazama maji kila siku kwa mwezi mmoja, binti akiandika. Jedwali lao nililiona mwezi uliofuata, kurasa nne za daftari la mistari, safu ya kwanza tarehe, ya pili saa, ya tatu tofauti kwa dakika. Siku mbili zilikuwa wazi, na pembeni mvulana alikuwa amejiandikia mwenyewe, kwa herufi kubwa zilizopinda: MVUA SIKUONA. Wote wawili sasa wako darasa la saba.